Nakshi kwenye bastola ya vita: Pambo linaloweza kupandisha thamani au kuizika

WENGI wanaposikia jina Singer hufikiria cherehani, ile mashine nyeusi yenye maandishi ya dhahabu ambayo imewalisha mafundi wa nguo wa vizazi kadhaa kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 kampuni iyo hiyo, katika kiwanda chake cha Elizabeth, jimbo la New Jersey nchini Marekani, iliunda bastola 500 za jeshi.

Jeshi la Marekani halikuagiza bastola hizo kwa kuwa lilikuwa na upungufu mkubwa. Lilitaka kujua iwapo kiwanda kilichozoea kutengeneza cherehani kingeweza kufunzwa kuunda silaha endapo vita vingezuka. Jaribio lilipokamilika, Singer ilielekezwa kwenye kazi ya vifaa vya kulengea mizinga, nayo kazi ya bastola ikakabidhiwa viwanda vingine. Nyingi kati ya zile 500 zilipelekwa kwa kikosi cha wanahewa, na idadi isiyojulikana ikapotelea vitani.

Leo hii, bastola ya Singer ambayo haijaguswa na mkono wa fundi yeyote huweza kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000. Haina dhahabu wala fedha. Imepakwa rangi ya kawaida ya jeshi, mpini wake umefunikwa kwa vibao vya plastiki ya hudhurungi, na mtu asiyeijua angeipita sokoni bila kugeuza shingo.

Iwapo mwenyewe ataamua kuipendezesha, akampelekea fundi stadi aichonge maua na kuitia nyuzi za dhahabu, atakuwa ametumia maelfu ya dola kuipunguzia thamani kwa kiasi kikubwa mno. Ilhali kuna bastola nyingine za vita ambazo nakshi ndiyo iliyozifanya zililiwe na makavazi na matajiri. Je, tofauti iko wapi?

Swali hilo si la matajiri pekee. Nchini Marekani kuna familia nyingi ambazo babu aliyepigana vita aliwaachia bastola kwenye sanduku, na wajukuu wasijue kama waipambe kwa heshima ya marehemu, waiuze au waiache ilivyo. Uamuzi wa siku moja waweza kufuta kumbukumbu ya miaka mingi.

SILAHA ILIYOZALIWA NA VITA VYA UFILIPINO

Bastola inayozungumziwa zaidi katika ulimwengu huu wa wakusanyaji ni ile iitwayo M1911. Chimbuko lake ni vita ambavyo Marekani ilipigana nchini Ufilipino mwanzoni mwa karne ya 20. Wanajeshi walilalamika kwamba bastola zao zenye risasi ndogo hazikuweza kuwasimamisha wapiganaji wa jamii ya Moro waliowavamia kwa mapanga, hata baada ya kuwapiga risasi zaidi ya moja.

Mnamo 1904, maafisa wawili, Kapteni John Thompson na Meja Louis LaGarde ambaye alikuwa daktari, walifanya majaribio ya risasi za ukubwa mbalimbali kwa kutumia maiti na ng'ombe wa machinjioni mjini Chicago. Walipendekeza kwamba bastola ya jeshi isiwe na risasi yenye upana wa chini ya inchi 0.45, yaani takriban milimita 11.4.

Aliyeitikia wito huo kwa ufanisi zaidi alikuwa John Moses Browning, mvumbuzi aliyezaliwa mwaka wa 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah. Bastola aliyoibuni, ambayo iliundwa na kampuni ya Colt ya Hartford, jimbo la Connecticut, ilishindanishwa na ile ya kampuni ya Savage. Katika jaribio la mwisho, kila bastola ilifyatua risasi 6,000. Silaha ilipopata joto jingi ilitumbukizwa majini ipoe, kisha kazi ikaendelea. Bastola ya Browning ilimaliza bila kukwama hata mara moja. Mnamo Machi 29, 1911, ikaidhinishwa rasmi kuwa silaha ya jeshi.

Ilidumu katika wadhifa huo hadi mwaka wa 1985, ambapo nafasi yake ilichukuliwa na bastola ya Beretta kutoka Italia. Kwa miaka zaidi ya 70 ilipita katika Vita Vikuu viwili vya Dunia, vita vya Korea na vya Vietnam. Hii ndiyo silaha ambayo Alvin York, mwanajeshi kutoka jimbo la Tennessee, aliitumia mnamo Oktoba 8, 1918 katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa kujikinga na Wajerumani waliomshambulia kwa singe, siku ambayo yeye na wenzake wachache waliwateka maadui 132.

Vita vya pili vilipopamba moto, Colt peke yake haikuweza kukidhi mahitaji. Kandarasi zikatolewa kwa Remington Rand, waliojulikana kwa taipureta; kwa Ithaca, waundaji wa bunduki za kuwindia; na kwa Union Switch & Signal, waliotengeneza vyombo vya kuongozea treni. Kila kiwanda kilikuwa na mkaguzi wa jeshi ambaye herufi za jina lake zilipigwa kwenye chuma kama muhuri. Herufi FJA ni za Frank J. Atwood, zinazoonekana kwenye bastola za Remington Rand na Ithaca. RCD ni za Robert C. Downie wa Union Switch & Signal. JKC ni za John K. Clement, aliyekagua zile 500 za Singer. GHD ni za Guy H. Drewry, aliyekagua za Colt.

Vialama hivyo vidogo, ambavyo vingine huhitaji kioo cha kukuzia ili visomeke, ndivyo cheti cha kuzaliwa cha bastola. Ni muhimu msomaji avikumbuke, kwa sababu ndivyo vinavyotoweka kwanza fundi wa nakshi anapoanza kazi.

'YA KALE' KWA MUJIBU WA SHERIA

Neno 'ya kale' hutumiwa ovyo na wauzaji. Chini ya sheria ya bunduki ya Marekani ya mwaka wa 1968, silaha ya kale ni ile iliyoundwa mwaka wa 1898 au kabla ya hapo. Kwa hivyo M1911, ijapokuwa ile ya kwanza kabisa imepita umri wa miaka 100, haimo katika kundi hilo. Kisheria bado ni bunduki kamili.

Kuna kundi jingine, la silaha za ukumbusho, ambalo hujumuisha silaha zilizotimiza miaka 50 na ambazo zingali katika hali yake ya asili. Mkusanyaji mwenye leseni maalumu hupata nafuu fulani katika kuzinunua. Sharti la hali ya asili ndilo lenye uzito hapa, kwani silaha iliyobadilishwa sana yaweza kupoteza hadhi hiyo. Hivyo basi anayefikiria kuipamba bastola yake anapaswa kujua kwamba sheria nayo huenda ikaitazama kwa jicho tofauti.

Nyingi ya bastola hizi ziliingia mikononi mwa raia baada ya serikali kuziuza kama mali ya ziada. Awamu ya karibuni ilianza mwaka wa 2018, ambapo shirika linaloendeleza mafunzo ya ulengaji shabaha kwa raia lilianza kuuza M1911 zilizokuwa zimehifadhiwa na jeshi katika ghala la Anniston, jimbo la Alabama. Waliozitaka walikuwa wengi kuliko bastola, ikabidi majina yapangwe kwa kura.

Wanunuzi wengi waligundua kwamba bastola zao zilikuwa mchanganyiko: fremu ya Ithaca, sehemu ya juu ya Colt, mtutu wa kampuni nyingine kabisa. Sababu ni kwamba karakana za jeshi, zikiwemo za Augusta na Rock Island, zilipokuwa zikikarabati silaha zilizochakaa hazikujali kipande kilitoka wapi. Zilivunja bastola, zikaweka vipande kwenye mapipa, kisha zikaviunganisha upya. Mwanajeshi alihitaji bastola inayofyatua. Hakuhitaji historia.

KAZI YA KALAMU YA CHUMA

Uchoraji wa nakshi kwenye silaha ni ufundi mkongwe. Nchini Marekani ulikuzwa na wahamiaji kutoka Ujerumani katika karne ya 19. Gustave Young, mzaliwa wa Prussia, aliifanyia Colt kazi zinazosifiwa hadi leo. Mwingine, Cuno Helfricht, aliongoza idara ya nakshi ya Colt kwa takriban nusu karne, kuanzia miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mikunjo ya majani yanayojisokota, ambayo ndiyo mtindo mkuu wa nakshi ya Kimarekani, ina asili yake katika mikono ya watu hao.

Anayetaka kuielewa kazi hii na afikirie fundi wa milango ya Lamu, ila badala ya mti wa mvule, ubao wake ni chuma cha pua. Kwanza bastola hufunguliwa kipande kwa kipande. Rangi ya zamani huondolewa yote. Kisha chuma husuguliwa kwa mawe na msasa, kila hatua ukitumika msasa laini zaidi, hadi uso uwe sawa kama kioo. Hapo ndipo fundi huchora ramani ya nakshi kwa kalamu ya kawaida, na baadaye huifuata kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, au kwa kalamu ya chuma inayosukumwa kwa kiganja. Siku hizi wengi hutumia kifaa kinachoendeshwa kwa hewa, lakini jicho na mkono ni vilevile.

Kutia dhahabu kuna siri yake. Fundi huchimba mfereji ambao kingo zake zimeingia ndani, upana wa chini ukizidi ule wa juu. Chini ya mfereji huo huinua vijino vidogo. Kisha huweka uzi wa dhahabu safi, ambayo ni laini, na kuupigapiga hadi ujaze mfereji na kung'ang'ania vile vijino. Hakuna gundi wala moto. Ikiwa kazi ni nzuri, dhahabu hiyo haitatoka hata baada ya miaka 100.

Colt iligawa nakshi zake katika madaraja manne kwa kuzingatia kiasi cha chuma kilichofunikwa. Daraja A hufunika takriban robo ya uso wa silaha, B nusu, C robo tatu, na D silaha nzima. Mpangilio huo umekuwa lugha ya pamoja baina ya mafundi na wanunuzi, hata kwa kazi zisizotoka katika kiwanda hicho.

Fundi anayeijua kazi yake hachimbi popote tu. Huziepuka sehemu nyembamba na zile reli ambamo kipande cha juu huteleza kila risasi inapotoka, kwani mkwaruzo wa kina ukiwa mahali pabaya huweza kuwa mwanzo wa ufa. Aidha, hujua kwamba chuma kilichokazwa kwa moto huvunja ncha ya tindo, na kwamba kukilainisha ili kichongeke bila kukikaza tena ni kuhatarisha maisha ya atakayeifyatua. Bastola za enzi za Vita vya Kwanza zina tatizo jingine: vipande vyake vya juu vilikuwa laini kuliko vya leo, na vingine hupasuka vikitumiwa kwa risasi nyingi.

KINACHOPOTEA CHINI YA MSASA

Ubaya wa msasa ni kwamba hauna macho. Unapoondoa kutu na mikwaruzo, huondoa pia herufi za mkaguzi, alama za karakana, na yale maandishi ya upande wa kulia yanayotangaza kuwa silaha ni mali ya serikali ya Marekani. Huondoa ile rangi ya kijivu ambayo viwanda vya Vita vya Pili viliitumia kuzuia kutu, na pamoja nayo alama za mkoba wa ngozi uliobeba bastola hiyo.

Kwa mkusanyaji wa silaha za kijeshi, mambo hayo ndiyo silaha yenyewe. Hanunui chuma, hununua ushahidi. Mikwaruzo ya mkoba humwambia kwamba ilibebwa. Rangi iliyofifia pale kidole gumba hukaa humwambia kwamba ilishikwa mara nyingi. Herufi za mkaguzi humwambia ilitoka wapi na mwaka gani. Ukimletea bastola inayong'aa kama ya jana, mambo yote hayo yamenyamaza.

Hapo ndipo familia nyingi huingia katika mtego. Mjukuu huitazama bastola ya babu, huona kutu kidogo na rangi iliyobanduka, na kwa mapenzi mema huipeleka ikang'arishwe, ipakwe rangi mpya na kuandikwa jina la marehemu kwa dhahabu. Anaporejea nayo machoni ni nzuri kuliko awali. Anapoipeleka kwa mtathmini, huelezwa kwamba imeingia katika kundi la silaha zilizobadilishwa, na bei yake imeshuka chini ya ile ya jirani ambaye hakufanya lolote. Rangi yaweza kupakwa tena. Mkwaruzo wa mwaka wa 1944 hauwezi kurudishwa.

MIFANO MITATU KUTOKA MINADANI

Hata hivyo, si kila nakshi ni hasara. Mifano mitatu inayojulikana husaidia kufafanua.

Wa kwanza ni Jenerali George Patton wa jeshi la Marekani. Mnamo 1916, akiwa angali luteni kijana katika mpaka wa Mexico, alinunua bastola ya Colt yenye silinda inayozunguka, iliyopakwa fedha na kuchongwa nakshi, na ambayo mpini wake ni wa pembe za ndovu wenye herufi za jina lake. Mwezi Mei mwaka uo huo alikuwa nayo katika mapambano ambapo Julio Cárdenas, kamanda wa kikosi cha Pancho Villa, aliuawa. Miaka karibu 30 baadaye, akiongoza majeshi dhidi ya Ujerumani, bado aliibeba kiunoni, na waandishi walipodai mpini huo ulikuwa wa lulu alikasirika. Nakshi ile haikuongezwa baadaye ili kuvutia mnunuzi. Ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ikapita vitani pamoja na mwenyewe. Kuifuta ndiko kungekuwa uharibifu.

Wa pili ni Napoleon Bonaparte. Mnamo Julai 2024, bastola zake mbili zilizoundwa na Louis-Marin Gosset wa Paris, zilizopambwa kwa dhahabu na fedha na zenye sura ya mfalme huyo mwenyewe, ziliuzwa mnadani mjini Fontainebleau kwa euro milioni 1.69. Inasimuliwa kwamba mnamo 1814, baada ya kushindwa vitani, alitaka kujiua kwa bastola hizo, lakini baruti ilikuwa imeondolewa. Baadaye alimkabidhi Caulaincourt, msaidizi wake mwaminifu. Kabla ya mnada huo, serikali ya Ufaransa ilizitangaza kuwa hazina ya taifa, hatua inayozuia zisitolewe nchini moja kwa moja.

Wa tatu unageuza meza. Mnamo Agosti 2021, bastola ambayo Pat Garrett, mkuu wa polisi wa kaunti ya Lincoln huko New Mexico, aliitumia kumuua mhalifu Billy the Kid mwaka wa 1881, iliuzwa mjini Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Haikuwa na nakshi wala dhahabu. Ilikuwa Colt ya kawaida, ya aina iliyouzwa kwa maelfu.

Tukiilinganisha mifano hiyo, kanuni inajitokeza. Nakshi huongeza thamani pale inapokuwa sehemu ya historia ya silaha. Hupunguza thamani pale inapokuja kuifunika historia hiyo. Na historia iliyothibitishwa kwa nyaraka huzipita zote mbili.

MTEGO WA 'TOLEO MAALUMU'

Kuna njia ya kati ambayo viwanda viliigundua zamani. Badala ya kuipamba silaha ya zamani, huunda mpya iliyopambwa kwa kumbukumbu ya tukio fulani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Colt ilitoa mfululizo wa M1911 za kuadhimisha mapigano manne ya Vita vya Kwanza: Chateau-Thierry, Belleau Wood, Marne ya pili na Meuse-Argonne. Ziliwekwa katika masanduku ya kuvutia, na zile za kawaida pekee zilikuwa maelfu kwa kila pigano.

Walionunua wengi waliziweka kabatini bila kuzifyatua hata risasi moja, wakiamini zingewatajirisha watoto wao. Matarajio hayo kwa kawaida hayakutimia, kwani kila mnunuzi alikuwa na wazo lilo hilo na kila sanduku lilitunzwa vyema. Uhaba wa Singer 500 uliletwa na vita, meli zilizozama na ndege zilizoanguka. Uhaba wa toleo maalumu huamuliwa ofisini na idara ya mauzo.

Haimaanishi kwamba silaha hizo hazina maana. Anayenunua kwa sababu anapenda kazi ya fundi hatajuta. Atakayejuta ni yule aliyenunua kana kwamba anaweka akiba benki.

WAGHUSHI NAO HAWALALI

Penye bei hapakosi mlaghai. Kuna wanaopiga upya herufi za wakaguzi kwenye chuma kilichosuguliwa, na wanaochonga nakshi ya mtindo wa zamani juu ya bastola ya kawaida kisha kudai ilitoka kiwandani. Wengine huacha nakshi ikae na uchafu na kemikali ili ionekane ya miaka mingi.

Mnunuzi makini huanza na karatasi. Idara ya kumbukumbu ya Colt hutoa barua, kwa ada, inayoeleza nambari fulani ya bastola iliondoka kiwandani lini, ilipelekwa wapi na ikiwa na mapambo gani. Barua ikisema ilitoka bila nakshi na mkononi kuna nakshi, basi aliyeichonga ni mtu wa baadaye, hata awe hodari vipi.

Baada ya karatasi ni macho. Herufi iliyopigwa kabla ya chuma kupakwa rangi huwa na rangi hadi chini kabisa. Kingo za maandishi ya kiwandani huwa kali, ilhali zile zilizosuguliwa huwa zimelegea kama sabuni iliyotumika. Matundu ya misumari huonekana yamezama kama visahani. Nakshi halisi ya zamani nayo huwa imechakaa sawasawa na chuma kinachoizunguka. Ikiwa chuma kimechoka na nakshi ni kali kama wembe, kuna jambo.

PEMBE ZA NDOVU NA KENYA

Kuna sehemu moja ya pambo hili ambayo inaigusa Kenya moja kwa moja, nayo ni mpini. Kwa zaidi ya karne moja, bastola yenye nakshi ilihesabiwa kuwa pungufu bila vibao vya pembe za ndovu. Pembe hizo zilitoka Afrika, na nyingi zilipita katika bandari za pwani ya Afrika Mashariki, hasa Zanzibar.

Mnamo Julai 1989, Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kitendo kilichotangulia marufuku ya biashara ya kimataifa iliyopitishwa mwaka uo huo. Mnamo Aprili 30, 2016, Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto mwingine mahali hapo, safari hii tani 105. Miezi michache baadaye Marekani ikakaza kanuni zake, ikapiga marufuku karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika. Vilivyosazwa ni vichache, vikiwemo vitu vilivyothibitishwa kuwa na umri wa miaka 100 au zaidi, na vile ambavyo pembe iliyomo ni chini ya gramu 200 na vinatimiza masharti mengine. Baadhi ya majimbo yakaenda mbali zaidi.

Matokeo yake ni kwamba mpini uliokuwa fahari sasa waweza kuwa mzigo. Mwenye bastola ya miaka ya 1930 yenye pembe halazimiki tu kuthibitisha umri wa chuma, bali pia wa mpini. Mafundi wa leo hutumia pembe za mamothi waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, mifupa, mbao ngumu au plastiki maalumu. Mkusanyaji anayedai kwamba kazi mpya haikamiliki bila ndovu anadai jambo ambalo Wakenya wamelilipia kwa damu ya maaskari wa wanyamapori.

BADO NI BUNDUKI

Dhahabu haibadilishi kazi ya chuma. Bastola iliyochongwa maua huua sawa na ile isiyochongwa. Nchini Kenya, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamtaka raia awe na cheti ndipo amiliki silaha, na urembo haumwondolei mtu wajibu huo. Mwenye kurithi au kuletewa zawadi ya aina hii kutoka ng'ambo asidhani kwamba kuitundika ukutani kunaifanya kuwa picha. Hatua ya kwanza ni kuwasiliana na mamlaka kabla silaha haijaondoka ilikotoka.

Kwa aliye mahali ambapo sheria inamruhusu, ushauri wa wazoefu ni mwepesi kuukumbuka. Kwanza, usisafishe chochote zaidi ya kupaka mafuta mepesi ya kuzuia kutu. Pili, andika yote unayoyajua kuhusu aliyeibeba: jina, kikosi, mwaka, picha, barua. Bastola isiyo na maandishi ni chuma, na mashahidi huzeeka. Tatu, itathminiwe na mtu asiyetaka kuinunua.

Iwapo baada ya hayo moyo bado unatamani nakshi, itafutwe bastola ambayo tayari imekwisha kupoteza uasili wake: ile ya vipande vya mchanganyiko, iliyong'arishwa na wengine, au nakala mpya ya kiwandani. Juu ya hiyo fundi aonyeshe uhodari wake wote, achonge majani, atie dhahabu, aandike jina la babu. Hakuna kitakachopotea, na kitu kizuri kitakuwa kimezaliwa.

Ile ya babu mwenyewe na irudi sandukuni pamoja na mikwaruzo yake. Mikwaruzo hiyo ndiyo nakshi aliyoichonga yeye.